Chenji Haizidi Noti: Kikokotoo cha Mwanafunzi wa Programu katika Kibera na Kawangware

Kikokotoo ni chombo au programu ya kufanyia hesabu, na programu ya kikokotoo chepesi, chenye kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu, ndiyo kazi ambayo walimu wengi wa kompyuta huwapa wanafunzi wao mara tu wanapojua kuandika mistari michache ya msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza. Kazi hiyo hudharauliwa upesi, kwa sababu kila simu ya mkononi tayari ina kikokotoo chake na kwa sababu matendo hayo manne mwanafunzi aliyamaliza katika madarasa ya chini. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba dharau hiyo haina msingi, kwa kuwa ndani ya kikokotoo cha mistari ishirini mwanafunzi hukutana na karibu kila aina ya kosa atakalopambana nalo maishani mwake mwote katika fani hii, na kwamba kijana wa Kibera au wa Kawangware, aliyekulia katika biashara ya noti na sarafu, huingia darasani akiwa tayari na silaha bora ya kupigana na makosa hayo, ingawa ni nadra kumpata mtu wa kumwambia hivyo.

Mitaa hiyo miwili haiko mbali na kitovu cha fani yenyewe. Kibera imelala kusini mwa Barabara ya Ngong, ikianzia Makina na Toi na kuteremka hadi Gatwekera na Soweto, na Kawangware iko ng'ambo ya pili, kaskazini-magharibi, ambako matatu za namba 46 humalizia safari. Na ni kando ya barabara hiyohiyo, katika jumba la Bishop Magua, ambapo mwaka 2010 ilifunguliwa iHub, ukumbi uliowakutanisha waandishi wa programu wa Nairobi wakati ambapo M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilikuwa imekwisha kuwaonyesha Wakenya kwamba simu ya kawaida inaweza kubeba pesa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera wenyewe, chini ya mradi wa Map Kibera, waliuchora mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap, njia kwa njia na choo kwa choo, wakaujaza mtaa ambao ramani za umma zilikuwa zimeuacha wazi. Ndani ya Kibera taasisi ya Tunapanda huwafundisha vijana teknolojia, ubunifu na biashara, na huendesha mtandao wa jamii unaoziunganisha shule na vituo vya mtaa kwa intaneti isiyo na waya. AkiraChix, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, imejikita katika kuwafunza wanawake vijana. Na mwaka 2022 taasisi ya serikali inayosimamia mitaala nchini Kenya, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo swali la namna gani mwanzilishi afundishwe kuandika programu limekwisha kuwa swali la umma, na wazazi wa Gatina, Kawangware, na wa Laini Saba, Kibera, wana haki ya kulifuatilia kama wanavyofuatilia karo na sare.

Msikilizaji hahitaji skrini ili kuifuata programu yenyewe, na kwa kweli programu ambayo mwandishi wake hawezi kuisoma kwa sauti kwa lugha anayoiongea nyumbani haijamwelea bado. Ikichukuliwa lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na ambayo walimu wengi huipendelea kwa wepesi wake, mstari wa kwanza wa kikokotoo humwomba mtumiaji nambari ya kwanza na kuihifadhi katika kigeu, ambacho ni mahali katika kumbukumbu ya kompyuta palipopewa jina, mfano wa debe lililoandikwa jina ubavuni, ambalo kilichomo hubadilika kila siku lakini jina hubaki lilelile. Mstari wa pili huomba alama ya tendo, ikiwa ni ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya; mstari wa tatu huomba nambari ya pili; kisha hufuata masharti manne, kila sharti likisema kwamba alama ikiwa hii basi hesabu ifanywe hivi; na mwishoni mstari mmoja huliandika jibu kwenye skrini. Vigeu vyenyewe vinaweza kuitwa bei, idadi, noti na chenji, kwa maana kompyuta haijali jina limetoka lugha gani mradi liandikwe kwa namna ileile kila linapotajwa, na mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kuvipa vigeu majina ya Kiswahili humpunguzia mzigo mmoja, ule wa lugha ya kigeni, kati ya miwili anayoibeba kwa pamoja.

Dosari ya kwanza hujitokeza mara tu programu inapoendeshwa. Mwanafunzi huandika 5, kisha alama ya kujumlisha, kisha 3, na kompyuta humjibu 53. Sababu yake ni kwamba amri ya Python ya kupokea maandishi kutoka kwenye kibodi, iitwayo "input", huchukua kila kilichoandikwa kuwa mfuatano wa herufi, yaani alama zilizopangwa kama zilivyo katika jina la mtu, na kujumlisha mifuatano miwili ya herufi ni kuigandisha pamoja, kama vile "Kawa" na "ngware" zinavyogandishwa na kuwa jina la mtaa. Tiba yake ni neno moja tu, "int" au "float", linaloigeuza herufi kuwa nambari kamili au nambari ya desimali kabla ya hesabu kuanza. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa karibu ni hili: mwanafunzi huyohuyo akijaribu kutoa, kuzidisha au kugawanya bila ya kugeuza herufi kuwa nambari, kompyuta hukataa kabisa, husimama, na huandika ripoti ndefu ya kosa. Kati ya matendo manne ni kujumlisha peke yake kunakopita bila kelele na kutoa jibu la uongo, na kwa kuwa kujumlisha ndiko kunakojaribiwa kwanza, mwanzilishi hukutana katika dakika zake za mwanzo kabisa na tofauti kubwa kuliko zote katika kazi ya kutafuta dosari, ambayo ni tofauti kati ya kosa linalopiga kelele na kosa linalonyamaza.

Tofauti hiyo ina majina yake katika vitabu. Kosa la sarufi ni lile la kukiuka kanuni za uandishi wa lugha, kama vile kusahau kufunga mabano au kuacha nukta mbili mwishoni mwa sharti, na kompyuta hulikataa kabla hata ya kuanza kazi. Kosa la utendaji hutokea programu ikiwa tayari inaendeshwa, kwa mfano inapoambiwa igeuze neno kuwa nambari. Na kosa la mantiki ni lile ambalo programu huendeshwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila lalamiko lolote, lakini jibu si lile lililotakiwa. Makosa mawili ya kwanza humtia mwanafunzi hofu kwa sababu ya maandishi mengi, hasa yakiwa ya Kiingereza, ilhali kwa hakika ni marafiki zake, kwa kuwa mstari wa mwisho wa ripoti ya Python hutaja jina la kosa na mistari iliyo juu yake hutaja namba ya mstari lilipotokea. Kosa la tatu halina ripoti. Programu nyingi za wanafunzi hukabidhiwa nalo na kupewa alama kamili.

Hali ya vifaa huongeza ugumu wa kosa hilo la tatu. Vituo vingi vya mitaani hutegemea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, na madaftari ya mafunzo hupita kutoka mkono hadi mkono kwa miaka, kwa hiyo ni rahisi mwanafunzi mmoja awe na toleo la pili la Python, ambalo waundaji wake waliacha kulihudumia tarehe 1 Januari 2020, na jirani yake awe na toleo la tatu. Mistari ileile ya kuomba nambari mbili na kuzijumlisha, bila kubadilishwa hata herufi moja, ikipewa 5 na 3 hutoa 8 katika toleo la pili, kwa sababu amri ya "input" ya toleo hilo iliyapima maandishi yenyewe na kuyafanya nambari, lakini hutoa 53 katika toleo la tatu. Na 7 ikigawanywa kwa 2 hutoa 3 katika la zamani, ambalo hutupa sehemu ya desimali pale nambari zote mbili zinapokuwa kamili, na 3.5 katika jipya. Mwanafunzi aliyenakili kwa uaminifu kutoka katika daftari la zamani hujiona mjinga, na hana kosa lolote. Kuuliza ni toleo gani linalotumika ni swali la kwanza la fundi, kama mwashi anavyouliza saruji ni ya gredi gani kabla ya kuichanganya.

Kiini cha mazungumzo haya kimo katika hesabu ya chenji. Ikichukuliwa kwamba mteja katika kibanda cha Kawangware amenunua sukuma wiki ya shilingi 20, nyanya za 30 na mafuta ya 50, na amelipa kwa noti ya 200, mwanafunzi anayetaka kikokotoo chake kifanye kazi ya maana huandika kwamba chenji ni noti kutoa 20 kujumlisha 30 kujumlisha 50, akiwa na maana ya kutoa kila kitu kilichonunuliwa. Kompyuta humjibu 260. Haina kosa la kuripoti, kwa sababu imetii: imetoa 20 katika 200 ikapata 180, ikajumlisha 30 ikapata 210, ikajumlisha 50 ikapata 260, ikienda kutoka kushoto kwenda kulia kama kanuni inavyotaka kwa matendo yenye daraja moja. Kilichokosekana ni mabano ya kuzikusanya bei tatu pamoja kabla ya kuzitoa, na yakiwekwa jibu huwa 100.

Hapa pana jambo ambalo shule za Afrika Mashariki zinapaswa kulitazama upya. Wanafunzi wa Tanzania hufundishwa utaratibu wa matendo kwa neno MAGAZIJUTO, lililoundwa kutokana na silabi za kwanza za mabano, gawanya, zidisha, jumlisha na toa, na wenzao wa Kenya hukariri BODMAS kwa maana ileile. Maneno hayo ni msaada mkubwa kwa kumbukumbu, lakini yote mawili hukutanguliza kujumlisha kabla ya kutoa, na mwanafunzi anayeyachukua neno kwa neno huamini kwamba 20, 30 na 50 zitajumlishwa kwanza kisha ndipo zitolewe katika 200, jambo ambalo lingempa 100 bila ya mabano. Kanuni ya hisabati yenyewe ni nyingine: kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, kama walivyo kuzidisha na kugawanya, na kati ya ndugu hutangulia aliye kushoto. Mwanafunzi anaweza kufaulu mitihani miaka minane akiwa na ufahamu huo uliopinda, kwa kuwa maswali ya mtihani mara nyingi huja na mabano yake, na ni kikokotoo alichokiandika mwenyewe kinachoufichua siku ya kwanza.

Lakini kufichuliwa huko kunahitaji mtu wa kuona kwamba 260 ni upuuzi, na hapo ndipo mtaa unapolipita darasa. Mama mboga wa Gatwekera hahitaji kujua lolote kuhusu daraja za matendo ili atambue kwamba chenji ya 260 haiwezi kutoka kwenye noti ya 200, kwa maana anajua kama anavyojua jina lake kwamba chenji haizidi noti. Anajua pia kwamba chenji ikijumlishwa na bei ya vitu lazima irudi kuwa noti ileile, na ndiyo sababu wauzaji wengi huihesabu chenji kwa kupanda, wakianzia bei na kuongeza sarafu mkononi mwa mteja hadi noti itimie. Wataalamu wa programu wana istilahi za heshima kwa mambo hayo mawili: la kwanza huitwa sharti lisilobadilika, yaani ukweli ambao ni lazima udumu hata pembejeo, ambazo ni data zinazoingizwa, zikiwa zipi; na la pili ni uthibitisho kwa tendo la kinyume. Makampuni hulipa mishahara mizuri kwa watu wenye mazoea ya kufikiri hivyo. Ni haki basi kwamba kijana aliyeshinda kibandani na mama yake tangu utotoni aambiwe waziwazi kwamba anayo mazoea hayo, na kwamba kinachobaki ni kuyaandika kama mstari wa msimbo unaosema chenji ikizidi noti programu isimame na kuonya.

Mfano wa kodi huzidi huo kwa hila, kwa kuwa jibu lake la uongo linafanana na la kweli. Kiwango cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nchini Kenya ni asilimia 16, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeuza bidhaa kwa shilingi 1,160, kodi ikiwa ndani, hutaka kujua ni kiasi gani cha kodi. Mwanafunzi huzidisha 1,160 kwa 16 na kugawanya kwa 100, akapata 185.60, na jibu hilo linaonekana la heshima hata desimali zake zimekaa vizuri. Jibu sahihi ni 160, kwa sababu asilimia hiyo hutozwa kwenye bei ya kabla ya kodi, ambayo ni 1,000, na hupatikana kwa kuigawanya 1,160 kwa 1.16. Tena kiwango chenyewe hakikuwa hivyo siku zote: tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kilishushwa hadi asilimia 14, na tarehe 1 Januari 2021 kikarudishwa 16. Programu iliyokuwa na 16 imeandikwa katika mistari kumi tofauti ilihitaji kusahihishwa mara kumi, na mstari mmoja ukisahauliwa duka zima linatoza viwango viwili, ilhali programu iliyokuwa na kigeu kimoja kiitwacho kiwango ilihitaji badiliko moja tu. Hakuna somo la vigeu linaloeleweka upesi kuliko hilo.

Watumiaji nao wana tabia zao. Mtu wa kawaida huandika bei kama 50/= au 1,500, kama risiti na ujumbe wa M-Pesa unavyoiandika, na Python huzikataa zote mbili kwa kuwa mkwaju na mkato si sehemu ya nambari; mwingine huandika "x" kwa kuzidisha, kama alivyofundishwa shuleni, ambapo msimbo unatarajia kinyota. Mwanafunzi aliyeyaweka masharti manne kila moja kivyake, na kumalizia na sharti la jumla la kusema "alama haitambuliki", hushangaa kikokotoo kinapojumlisha vizuri na kutoa 8, lakini kikasema pia kwamba alama haitambuliki, kwa sababu sharti lile la mwisho limeshikamana na sharti la kugawanya tu na halijui lolote kuhusu matatu yaliyotangulia. Dosari hiyo haitibiwi kwa kukariri. Hutibiwa kwa kusoma msimbo kwa sauti mbele ya mwenzake, mstari baada ya mstari, kwa Kiswahili: kama alama ni ya kujumlisha, jumlisha, sasa, kama alama ni ya kutoa, toa, na anapofika kwenye sharti la nne akisema "kama ni ya kugawanya, gawanya, vinginevyo sema haitambuliki", aghalabu hujisikia mwenyewe na kunyamaza kabla mwenzake hajafungua kinywa.

Kugawanya kwa sifuri ni mlango mwingine wa matatizo. Mhazini wa chama anayetaka kugawa akiba kwa idadi ya wanachama waliosajiliwa, kabla hajamsajili yeyote, huiomba kompyuta igawanye kwa sifuri, na Python husimama na kulitaja kosa kwa jina lake. JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari cha simu, haisimami: huandika neno la Kiingereza lenye maana ya kutokuwa na mwisho na kuendelea na kazi, na neno hilo likiingia katika hesabu inayofuata huichafua nayo. Si jambo la kudharauliwa. Septemba 1997 meli ya kivita ya Marekani, USS Yorktown, ilipoteza nguvu za kujiendesha ikiwa baharini kwa zaidi ya saa mbili, kwa sababu sifuri iliyoingizwa katika data ilisababisha kugawanya kwa sifuri na programu haikuwa na sharti la kuizuia.

Na kuna kosa ambalo si la mwanafunzi wala la mtumiaji. Kompyuta huhifadhi nambari kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika mfumo huo moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali za kawaida, kwa hiyo 0.1 ikijumlishwa na 0.2 Python huonyesha 0.3 inayofuatwa na sifuri kumi na tano na 4 mwishoni. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa kuzuia makombora wa Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ambao ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde na ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100, ulikuwa umekwisha kupotoka kwa theluthi ya sekunde. Haukulizuia kombora lililoelekezwa kambini na askari 28 walikufa. Kwa hesabu za pesa tiba yake ni nyepesi na ya zamani: kuhifadhi kila kiasi kwa senti kama nambari kamili, na kugawanya kwa 100 wakati wa kukionyesha tu.

Suala la lugha halikwepeki katika haya yote. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi zinaweza kupatikana pale watu wanapokaa chini kuzitafuta. Neno kikokotoo lenyewe limekwenda mbali zaidi: nchini Tanzania liliingia katika kila nyumba ya mtumishi wa umma mwaka 2018 kwa sababu ya kanuni mpya ya kukokotoa mafao ya wastaafu, kanuni iliyosimamishwa Desemba mwaka huo baada ya malalamiko, na mjadala ule ulionyesha kwamba wananchi wa kawaida wanaweza kabisa kuisoma kanuni ya hesabu, kuijaribu kwa mishahara yao, na kuipinga. Ripoti za makosa za Python bado ni za Kiingereza, lakini majina ya makosa ambayo mwanzilishi hukutana nayo hayazidi kumi, na karatasi moja ya ukutani yenye majina hayo na maelezo yake kwa Kiswahili ingemfaa mwanafunzi wa Kibera kuliko kompyuta ya ziada.

Walimu na wanaojitolea katika vituo vya Kibera na Kawangware wanaombwa basi jambo moja lisilo na gharama. Kabla mwanafunzi hajaendesha kikokotoo chake, na atoe mfano kutoka kibandani, sokoni Toi au kwenye daftari la chama, aifanye hesabu kwa mkono na kuliandika jibu kwenye karatasi, kisha aandike chini yake jibu ambalo haliwezekani kabisa, kama vile chenji inayozidi noti. Ndipo aiendeshe programu na kulinganisha. Kazi hiyo huchukua dakika tano, huweza kufanywa na wanafunzi watatu wanaogawana kompyuta moja, na stima ikipotea katikati ya kipindi huendelea bila kukatika.